Andrew Carnegie na kazi ya utarishi

Vijana wanaotupigia simu studio hulalamika kwamba kila kazi inataka uzoefu. Leo tumkumbuke Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyefariki mwaka 1919.

Alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835. Baba yake alifuma vitambaa kwa mkono, mashine za mvuke zikamnyima riziki, na mwaka 1848 familia ikahamia karibu na Pittsburgh. Andrew, miaka 13, akaanza kubadilisha bobini katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Baadaye, kwingine, alilinda boila. Usiku alishtuka usingizini akihofia italipuka.

Ndipo ndugu mmoja akasikia, wakati wa mchezo wa drafti, kwamba ofisi ya telegrafu inatafuta tarishi. Baba alimsindikiza kwa miguu. Walipofika, Andrew akamwomba abaki nje, akiamini atajieleza vizuri zaidi bila mzee wake wa Kiskoti kando. Sisi hapo tunamwonea mzee huruma.

Ndani, kijana alikiri kwamba haujui mji na mwili wake ni mdogo. Alipoulizwa ataanza lini, akajibu hata sasa hivi. Akapewa kazi kwa dola 2.50 kwa wiki, kisha akakariri majina ya maduka, mtaa baada ya mtaa, asije akafukuzwa.

Lakini kwanza alikimbia hadi kona ya barabara, akamwambia baba arudi nyumbani ampe mama habari.