Sir Gilbert Walker na Mizani ya Hewa

Mwezi wa Oktoba 1997 nilikuwa nikikaa Changamwe, mvua ya vuli ilipogeuka gharika. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ukaanguka usiku, tukahamia kwa jirani na watoto mikononi. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kuonya kwamba El Niño inakuja, lakini sisi barazani tulicheka: kusi na kaskazi twazijua tangu kwa babu zetu! Maji yalipokauka ndipo nilipotaka kujua ujuzi ule ulitoka kwa nani.

Mmoja wa waasisi wake ni Sir Gilbert Walker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868, bingwa wa hesabu wa Cambridge. Elimu ya hewa hakuwa ameisomea. Hata hivyo, mwaka 1904 alikabidhiwa idara ya hali ya hewa ya India, nchi iliyokuwa bado inakumbuka njaa kubwa iliyofuata kukosekana kwa mvua mwaka 1899. Alitakiwa ajue mapema ni mwaka upi mvua itakosa.

Walker hakukisia. Alikusanya vipimo vya mvua, joto na uzito wa hewa kutoka pande nyingi za dunia, akawaweka makarani wa Kihindi wakokotoe. Ndipo alipoona kwamba hewa ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi ni kama vitanga vya mizani: kimoja kikielemewa, cha pili huinuka. Mwaka 1924 aliupa mwendo huo jina la Mbembeo wa Kusini, kisha akaenda kufundisha London.

Wengi walimtilia shaka, maana sababu yake hakuweza kuieleza. Alifariki Novemba 1958. Mwaka 1969 mwanachuoni Jacob Bjerknes alionyesha kwamba mizani ile imefungamana na joto la maji ya Pasifiki; maji hayo yakipata joto, mara nyingi vuli yetu huzidi. Mzunguko wa hewa wa huko akauita kwa jina la Walker. Kufikia mwisho wa 1994, maboya kama 70 yalikuwa yametiwa nanga kwenye ikweta ya Pasifiki, yakipeleka vipimo kwa setilaiti. Hayo yaliiona El Niño ya 1997 ingali changa.

Ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake, na Walker hakudai kuijua. Alipima tu, kama nahodha atazamavyo wingu kabla ya kutweka tanga. Siku hizi redio ikitaja joto la Pasifiki, mimi sicheki tena. Huchukua jembe nikazibua mfereji.