Bruce Lee wa banda la video na Bruce Lee mwenyewe

Leo siongelei siasa wala bei ya mafuta. Leo naomba tumwongelee marehemu mmoja ambaye kwetu Shinyanga, enzi za mikanda ya video, alijulikana kuliko mbunge. Ukimtaja kijiweni mpaka leo kila mtu ana lake la kusema, na nusu ya hayo ni uongo mtupu. Naongelea Bruce Lee.

Mimi nilimjua kama wengi mlivyomjua. Banda la mabati, deki moja, tivii ya inchi 14, jenereta inanguruma nje, sisi tumebanana kwenye mabenchi jasho linatutoka. Tulimwita stelingi, na kanuni ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Mkanda ukiisha tunatoka nje vumbi linatimka, kila mtu anataka kuwa yeye, hakuna anayekubali kuwa adui. Nilijitengenezea nanchaku kwa vipande viwili vya mpini wa jembe na kipande cha mnyororo wa baiskeli. Siku ya kwanza tu nikajigonga kisogo, nyumbani nikadanganya kwamba nimeanguka kwenye mwembe.

Tulipokua kidogo, mimi na mshkaji wangu mmoja tukajiunga na mwalimu wa mtaani. Simtaji jina, na wala hana haja ya kutajwa. Tulilipa ada kila mwezi. Tulikaa mkao wa farasi mpaka mapaja yanatetemeka, tukavunja matofali ya kuchoma, tukarusha mateke ya juu hewani kwa mstari kama gwaride. Kupigana na mtu kweli kweli, hapana, tuliambiwa bado. Tuliambiwa kuna siri za mwisho ambazo tutapewa tukifika mkanda mweusi. Miaka miwili hiyo.

Mshkaji akaenda Geita machimboni kutafuta maisha. Jioni moja karibu na karasha wakagombana na kijana mwingine kuhusu kiroba cha mawe. Yule kijana hakuwahi kukanyaga darasa lolote la kung fu, kazi yake ilikuwa kuponda mawe kwa nyundo. Mshkaji akaruka na teke lile la kwenye mkanda. Mwenzake akapiga hatua moja mbele, akamtandika ngumi moja iliyonyooka. Moja tu, jamani. Taya likavunjika sehemu mbili. Nilipokwenda kumwona alikuwa amefungwa waya mdomoni, anakunywa uji kwa mrija, hawezi kuongea. Akachukua karatasi akaniandikia swali: kwa miaka miwili tulikuwa tunafundishwa nini hasa? Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kumtafuta Bruce Lee mwenyewe, kila nilipopata kitabu au dakika za intaneti. Na nilichokuta ni kwamba hata yeye alipata jioni yake ya kujiuliza swali hilo hilo.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 San Francisco, Marekani, kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kichina na kundi lao lilikuwa ziarani huko. Jina lake la nyumbani ni Lee Jun-fan. Akarudishwa Hong Kong akiwa mchanga, na mwisho wa mwaka 1941 Wajapani wakauteka mji. Baada ya vita akakua akicheza filamu za watoto. Wanaodhani alianza na The Big Boss wanakosea sana, maana kabla ya kufikisha miaka 18 alikuwa ameshaonekana kwenye filamu kama 20 hivi.

Mtaani alikuwa mgomvi. Akiwa na miaka 13 hivi akaingia kwa mzee Yip Man kujifunza Wing Chun, kung fu ya karibu karibu, viwiko vimebana mbavu, ngumi inapita katikati ya kifua. Humo kuna zoezi linaitwa chi sao. Wawili mnagusanisha mikono, mnazungusha bila kuachiana, mpaka ngozi ya mkono inajifunza kusikia mwenzako anataka kwenda wapi kabla jicho halijaona. Mwaka 1958 alishinda ndondi za shule, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dansi ya cha-cha Hong Kong. Hilo la cha-cha tulichekana nalo sana kijiweni, lakini ukimwangalia miguu utaelewa.

Ugomvi ulipozidi na polisi wakaanza kumjua, wazazi wakampandisha meli mwaka 1959 na dola 100 mfukoni. Akafikia Seattle, akifanya kazi na kulala kwenye mgahawa wa Ruby Chow huku akisoma, baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover, mtu wa judo. Kwenye banda letu la video hakuna aliyewahi kutuambia hili! Wakati ule Wachina wengi hawakupenda kung fu yao ifundishwe nje. Darasa la Bruce lilikuwa na weusi, weupe, na Waasia kama Taky Kimura ambaye alikuwa Mjapani wa Marekani. Agosti 1964 akamwoa Linda Emery, mwanafunzi wake pia, wakahamia Oakland.

Mwezi huo huo alionyesha ngumi ya inchi moja kwenye mashindano ya karate Long Beach. Mtu anasimama, nyuma yake kiti, ngumi iko umbali wa kidole kutoka kifuani, halafu paa, mtu amekaa kitini. Wengi tulidhani ni uchawi. Kumbe nguvu inaanzia kwenye unyayo wa nyuma, goti linanyooka, nyonga inazunguka, bega linafuata, kiwiko, mwisho kabisa kifundo cha mkono, na vyote vinafika kwa wakati mmoja. Mkono wenyewe ni mlango tu wa kutokea. Nilijaribu kwenye gunia la pumba bila kuelewa habari ya unyayo, kifundo kikavimba wiki nzima.

Sasa jioni yake. Mwishoni mwa 1964 hapo Oakland alipigana na Wong Jack Man, mwalimu wa kung fu aliyetoka San Francisco. Chanzo cha ugomvi kinabishaniwa mpaka leo. Mkewe Linda alisema ni kwa sababu Bruce alifundisha wasio Wachina, wengine wanakataa. Upande wa Bruce unasema ulikuwa mchezo wa dakika 3 na alishinda, upande mwingine unasema ulichukua muda mrefu zaidi na hakukuwa na mshindi. Mimi nashikilia moja tu: Bruce alitoka pale anahema na amechukia. Mwenzake alikimbia kimbia chumbani, ngumi zake za Wing Chun zikawa hazimfikii vizuri, na pumzi ikakata. Mtu mwingine angejisifia ushindi akaenda kulala. Yeye akavunja nyumba yake mwenyewe akaanza kujenga upya.

Akaanza kukimbia maili kadhaa kila mara, kuruka kamba, kuendesha baiskeli ya mazoezi, kunyanyua vyuma. Akasoma ndondi, akawa anatazama filamu za Muhammad Ali kupitia kioo, kwa sababu Ali alitanguliza mkono wa kushoto na yeye Bruce alitanguliza wa kulia. Akasoma mchezo wa vitara vya Wazungu, ule wa kuchomana kwa upanga mwembamba, ambao kaka yake Peter aliucheza. Mwaka 1967 mchanganyiko huo akaupa jina, Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza. Baadaye hata jina lenyewe alijuta kulitoa, aliona watu wanaanza kuliabudu.

Kukatiza maana yake nini? Sisi tulifundishwa zuia kwanza, halafu piga. Hiyo ni mizigo miwili. Bruce alitaka mmoja: mwenzako anapojiandaa kupiga, au ngumi yake iko njiani, yako iwe imeshafika. Ndiyo maana mkono wenye nguvu anauweka mbele, sio nyuma kama mabondia wengi, ili ulio hodari uwe karibu na kazi. Mkono unaondoka kabla ya mguu, bila kurudi nyuma kujivuta, bila bega kuinuka, maana ukijivuta umeshampigia mtu simu kwamba unakuja. Na silaha ndefu inakwenda kwenye shabaha ya karibu: teke la pembeni kwenye ugoko au goti lake la mbele, vidole kwenye macho. Ukitaka kwenda sokoni na soko liko mbele yako, hupitii kwanza stendi.

Na yale mateke ya kichwani? Yale ni ya kamera, wadau. Kwenye filamu alipiga juu kwa sababu yanapendeza. Kwenye kufundisha alisisitiza mateke ya chini. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza, nikafikiria taya la mshkaji.

Kitu kingine, hakupenda wanafunzi wamalize maisha kwenye miondoko ya kupangwa ya kupiga hewa. Alifananisha na kujifunza kuogelea nchi kavu. Sisi wa Shinyanga tunaelewa, ukaogelee wapi? Kwake walivaa glovu na kinga za kichwa wakapigana kweli, walipiga begi zito, walipiga pedi anazoshika mwenzako huku anasogea, na kile kinyago cha mbao chenye mikono mitatu na mguu mmoja. Yote hayo mtu wa sentimita 172 hivi, kilo 60 na kitu, mwenye macho yasiyoona mbali bila lenzi.

Shule ya Los Angeles, mtaa wa Wachina, aliifungua 1967 akisaidiwa na Dan Inosanto. Kina Steve McQueen na James Coburn walikuwa wanafunzi wake, na Kareem Abdul-Jabbar yule mrefu wa kikapu pia. Kazi ya filamu lakini ilikuwa ngumu kwa Mchina Hollywood. Alicheza Kato kwenye The Green Hornet 1966 hadi 1967, ikakatwa. Mwaka 1970 akaamua shule zake zifungwe, hakutaka njia yake igeuke kanuni za kukariri.

Mwaka huo huo, tarehe 13 Agosti, akafanya kosa la kitoto. Aliweka chuma cha kilo kama 57 mabegani, akainama na kuinuka bila kupasha mwili moto vizuri, akaumia neva ya chini ya mgongo. Madaktari wakamwambia asahau habari za mateke. Miezi akawa kitandani, watoto wawili wadogo, Brandon na Shannon, nyumba ina deni, na Linda akaanza kwenda kazini jioni ili wale. Huyu ndiye stelingi wetu, amelala chali anaandika kwenye madaftari. Maandishi hayo mengi yaliingia kwenye kitabu Tao of Jeet Kune Do kilichotoka 1975, yeye hayupo. Alisimama tena, ila maumivu ya mgongo hayakumwacha. Ukitazama filamu zote za Hong Kong, kumbuka kwamba zote amezicheza na mgongo huo.

Za Hong Kong mnazijua, sitazichambua: The Big Boss 1971, Fist of Fury 1972, Way of the Dragon 1972 na Chuck Norris pale Roma, halafu Enter the Dragon iliyopigwa mwanzoni mwa 1973 na Warner Brothers ya Marekani.

Kifo sasa, maana hapa ndipo uongo umejaa. Kwetu tuliambiwa wazee wa Kichina walimpiga pigo la kuchelewa, wengine wakasema yuko hai milimani. Ukweli ni kwamba tarehe 10 Mei 1973 alianguka studio akiingiza sauti, ubongo umevimba, akaokolewa. Tarehe 20 Julai, akiwa kwa mwigizaji Betty Ting Pei, kichwa kikamuuma, akameza kidonge cha maumivu kinachoitwa Equagesic, akajilaza, hakuamka. Ubongo wake ulipimwa gramu 1,575, wakati wa kawaida ni kama 1,400. Uchunguzi wa mahakama uliita kifo cha bahati mbaya, mwili kuikataa dawa. Madaktari bado wanabishana. Wapo wanaosema joto, na mwaka 2022 wataalamu wa figo waliandika kwamba huenda mwili wake ulishindwa kutoa maji ya ziada. Alikuwa na miaka 32. Enter the Dragon ilizinduliwa mwezi uliofuata, na hakuwahi kuona Ali akimwangusha Foreman Kinshasa 1974. Kalazwa makaburi ya Lake View, Seattle. Pembeni yake yupo Brandon, aliyekufa 1993 akiwa na miaka 28 kwa ajali ya bastola wakati wa kupiga filamu.

Mshkaji wangu alipona. Taya linamlia kidogo akitafuna karanga. Yuko Katoro, anauza vipuri vya pikipiki, na jioni anaruka kamba nyuma ya duka halafu anapiga kiroba cha mchanga, ngumi ile ile moja iliyonyooka, mkono kabla ya mguu. Siku moja nilimsomea kisa cha mgongo wa 1970, akasimamisha kamba akaniuliza kama jamaa alipasha mwili moto siku ile. Nikamwambia wanasema hakupasha vizuri. Akatikisa kichwa, akaendelea kuruka.

Wadau wa Kahama, Geita na kwingineko, kama kuna aliyewahi kufundishwa hizo siri za mkanda mweusi aje hapo chini atuambie zilikuwa nini. Mimi sikufika.