Hans Kraus: Daktari aliyepima misuli ya watoto, Rais wa Marekani akashtuka

Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi mno. Lala chali, mikono nyuma ya shingo, inuka ukae. Nyoosha miguu, iinue kidogo, hesabu hadi 10. Geuka kifudifudi, inua kifua. Mwisho simama, gusa vidole vya miguu bila kukunja magoti. Vitendo 6 tu, dakika chache, hakuna kifaa cha gharama.

Aliyeutunga pamoja na Dk Sonja Weber ni Dk Hans Kraus, mzaliwa wa Trieste mwaka 1905. Mji huo wa bandari leo uko Italia, ila wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungary. Baba yake alimtaka kwenye biashara ya meli, yeye akasomea udaktari. Mwaka 1938, Wanazi walipoichukua Austria, alihamia New York.

Huko alitibu wagonjwa wa mgongo, na wengi wao hawakuwa na tatizo la mfupa. Misuli ndiyo iliyolegea au kukaza kwa kukaa tu. Swali likaja lenyewe: je, kulegea huku kunaanza utotoni?

Basi akaanza kupima watoto wa shule, akisaidiwa na Bonnie Prudden, mwenzake wa kupanda miamba. Walipima zaidi ya 4,000 Marekani na karibu 2,900 Austria, Italia na Uswisi. Matokeo yalitia aibu: Wamarekani walioshindwa walau kitendo kimoja walikuwa asilimia 57.9, na wa Ulaya asilimia 8.7 tu. Yaani watoto wa nchi tajiri, wenye maziwa na nyama mezani, waliachwa mbali na wa nchi ambazo baadhi yake zilitoka vitani juzi.

Kwa Kraus jibu lilikuwa gari, basi la shule, lifti na televisheni. Mtoto wa Ulaya alikuwa bado anatembea.

Julai 1955 yeye na Prudden waliitwa White House. Rais Eisenhower, jenerali wa zamani, alishtuka. Septemba mwaka huohuo rais mwenyewe akapata mshtuko wa moyo, mipango ikasogezwa mbele. Mwaka 1956 akaunda baraza la taifa la afya ya viungo kwa vijana.

Wakosoaji hawakukaa kimya, na walikuwa na hoja. Ukikosa kitendo kimoja umefeli vyote, na wengi walikwama kwenye kugusa vidole, jambo linalohusu zaidi ulaini wa viungo kuliko nguvu au moyo. Lakini kipimo kilichoenea shuleni baadaye kilikuwa cha mbio, kuruka na kurusha mpira. Hapo anayeng'aa ni mwanamichezo. Kraus alikuwa akimtafuta yule mtoto aliye chini ya kiwango cha chini kabisa, ambaye kwenye mbio hakuna anayemtazama.

Mwaka 1961 yeye na Dk Wilhelm Raab walitoa kitabu kuhusu magonjwa yanayoletwa na kutojishughulisha. Mwaka huohuo aliitwa tena White House, safari hii kwa Rais Kennedy aliyesumbuliwa na mgongo. Dawa yake? Mazoezi.

Aliendelea kupanda miamba hadi uzeeni. Alifariki New York mwaka 1996, akiwa na miaka 90.