Fadhili William: Sauti iliyoipeleka ‘Malaika’ duniani na kuachiwa mgogoro

MPIGA gitaa wa Bofu, Likoni, anayepanda matatu jioni kwenda kutumbuiza watalii katika hoteli za Diani, anaweza kusahau wimbo wowote ule ila mmoja. Mgeni kutoka Ujerumani au Italia akitaka kuonyesha kwamba naye anajua Kiswahili, ataagiza ‘Malaika’. Ataimba kiitikio na kutoa bahasha. Mara nyingi hatajua jina la aliyeurekodi.

Jina hilo ni Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Novemba 11, 1938, huko Taita. Mdawida si jina la kubuniwa jukwaani. Ndivyo Wataita wenyewe wanavyomwita mtu wa kwao, yaani mtu wa milima ya Dawida. Kijana huyo aliingia katika muziki wakati ambapo gitaa lilikuwa limeanza kushindana na ngoma na taarab katika miji ya Kenya, na alipofika Nairobi alikuta jiji limejaa sauti za kila pembe. Palikuwa na rumba na magitaa makavu ya Kongo, kwela kutoka kusini mwa Afrika, na santuri za Wamarekani weupe waliopiga muziki wa ‘country’. Hizo za mwisho zilikuwa zimetangulia kufika mbali kuliko watu wanavyodhani. Mnamo 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia kiumbe waliyemwita Chemirocha, ambaye hakuwa mwingine ila mwimbaji Jimmie Rodgers, aliyesikika kijijini kupitia gramafoni.

Fadhili alianza kusikika akiwa na kundi la Jambo Boys. Karibu mwaka 1960 ndipo ‘Malaika’ ilipowekwa kwenye santuri kwa sauti yake. Kisa chake ni chepesi: mwanamume anampenda msichana, angetaka kumwoa, lakini mfuko mtupu unamzuia. Hakuna hadithi zaidi ya hiyo, na pengine hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kijana yeyote wa Pwani au wa bara aliyewahi kutajiwa mahari asiyoiweza hakuhitaji kufafanuliwa. Fadhili naye hakuimba kwa kulia. Sauti yake ni tulivu, karibu ya mtu aliyekwisha kukubali, na gitaa linamfuata bila haraka.

Biashara ya santuri iliyomlea ilikuwa mikononi mwa Charles Worrod, Mwingereza aliyeendesha studio ya Equator Sound mjini Nairobi. Humo iliundwa bendi ya studio, Equator Sound Band, ambayo Fadhili aliiongoza. Miongoni mwa waliopitia humo ni Daudi Kabaka, Peter Tsotsi Juma, Gabriel Omolo na Nashil Pichen kutoka Zambia. Hawa ndio waliogeuza dansi ya ‘twist’ ikawa ya Kenya, ikachezwa kwenye harusi na kumbi za mitaa wakati taifa likijiandaa kwa uhuru. Fadhili alirekodi nyimbo nyingine, ‘Taxi Driver’ ikiwa mojawapo, lakini hakuna iliyokaribia ‘Malaika’. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi akumbukwe kwa dakika chache tu za sauti yake.

Wimbo ulipotoka Kenya haukurudi. Miriam Makeba, akiwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini, aliuimba majukwaani akaufanya kama wake. Mnamo 1965 aliurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 vijana wa Sweden waitwao Hep Stars, ambao mpiga kinanda wao Benny Andersson baadaye alikuwa mmoja wa kundi la ABBA, nao waliurekodi. Boney M walifanya hivyo mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akafuata mwaka 1991. Si wimbo mwingine wa Kiswahili wa kizazi hicho ulioimbwa na watu wa mataifa mengi namna hiyo. Wa karibu nao ni ‘Helule Helule’ wa Kabaka, ambao kundi la Tremeloes liliupeleka kwenye chati za Uingereza mwaka 1968.

Kadiri wimbo ulivyopata thamani, ndivyo swali la mwenyewe lilivyozidi kuwa zito. Fadhili alishikilia hadi mwisho kwamba aliutunga yeye. Grant Charo, Mtaita mwenzake aliyepiga naye katika Jambo Boys, alidai ni wake. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga miaka ya 1940 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake walimkataa. Wapo pia waliomtaja Lucas Tututu, mwanamuziki wa Pwani. Kila dai lina watetezi wake, na kila mmoja alikuwa na mapenzi yake yaliyovunjika ya kuwasimulia wasikilizaji.

Mzozo huu si wa heshima tupu. Mirabaha humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi. Wimbo ukihesabiwa kuwa wa jadi, usio na mwenyewe, anayeurekodi hana mtunzi wa kumlipa. Nairobi ya wakati ule, wanamuziki walizoea kuchukua pesa za siku ya kurekodi na kwenda zao. Karatasi zilibaki kwa mwenye studio. Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, baada ya wimbo kuwa umekwisha kuvuka bahari. Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983.

Lililo wazi ni hili: hata kama maneno yalitoka kwa mwingine, santuri iliyoufikisha wimbo masikioni mwa watu ilikuwa na sauti ya Fadhili. Hapo hakuna aliyebishana naye.

Miaka ya 1980 alihamia Marekani, akaishi New Jersey kwa zaidi ya mwongo mmoja, mbali na studio na mashabiki waliomjua. Alirejea nyumbani katika miaka ya 1990 akiwa amedhoofishwa na kisukari. Alifariki Nairobi mnamo Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Hakimiliki, iliyoasisi bodi ya kusimamia haki za watunzi. Ilianza kutumika mwaka 2003.