Ronnie Kray, jambazi wa London aliyelindwa na kimya cha mashahidi

Jioni ya tarehe 9 Machi 1966, Ronnie Kray aliingia katika baa ya Blind Beggar, mtaani Whitechapel, mashariki mwa jiji la London, na kumpiga George Cornell risasi ya kichwa mbele ya watu. Cornell, aliyekuwa karibu na kundi pinzani la ndugu Richardson, alifariki usiku huo. Polisi ilimkamata Ronnie na kumsimamisha katikati ya wanaume wengine ili atambuliwe. Mwanamke aliyehudumu katika baa hiyo, na ambaye alijionea yote, akasema hamtambui. Ronnie akarudi nyumbani.

Ronnie na pacha wake Reggie walizaliwa tarehe 24 Oktoba 1933, Hoxton, na kukomalia Bethnal Green, mtaa wa watu maskini. Walicheza ngumi za kulipwa. Mwaka wa 1952 waliitwa jeshini, wakatoroka mara nyingi, wakafungwa, kisha wakafukuzwa mwaka wa 1954.

Mwaka huo walishika jumba la bilyadi huko Mile End. Kutoka hapo wakaanza kutoza wenye baa na nyumba za kamari pesa za ulinzi. Aliyekataa kulipa alivunjiwa vitu au kupigwa. Mwaka wa 1956 Ronnie alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kumjeruhi mtu, na akiwa gerezani madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa akili.

Katika miaka ya 1960 mapacha hao walikuwa na klabu ya kamari Knightsbridge, mtaa wa matajiri, na walipigwa picha pamoja na wasanii na wanasiasa. Mwaka wa 1964, gazeti Sunday Mirror liliandika juu ya urafiki wa mwanasiasa mkubwa na jambazi, bila kutaja majina. Lord Boothby akajitokeza kukanusha, na gazeti likamlipa pauni 40,000. Tangu hapo magazeti mengi yaliogopa kuwagusa ndugu Kray.

Oktoba 1967, Reggie alimuua kwa kisu Jack McVitie, mmoja wa watu wao wenyewe. Sasa hata wafuasi wao waliingiwa na hofu. Mpelelezi Leonard Read aliwaahidi mashahidi kwamba maneno yao hayatatumiwa kabla mapacha hawajafungwa. Alfajiri ya tarehe 8 Mei 1968, polisi iliwakamata ndugu hao pamoja na watu wao wengi kwa mpigo mmoja. Hapo midomo ikafunguka, na yule mhudumu wa baa akatoa ushahidi.

Machi 1969, tribinali ya Old Bailey iliwahukumu mapacha wote wawili kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Ronnie alihamishwa mwaka wa 1979 kwenye hospitali ya Broadmoor, inayolinda wafungwa wagonjwa wa akili. Alifariki tarehe 17 Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 61. Siku ya mazishi, watu walijaa barabarani Bethnal Green, na Reggie aliletwa kutoka gerezani akiwa na pingu mkononi. Naye alifariki mwaka wa 2000.