MAISHA YA EHRENBERG, MTU ALIYEONA VIUMBE NDANI YA JIWE



Mara hii napenda kuwaelezea maisha ya mtu wa sayansi, Christian Gottfried Ehrenberg. Sisi wote tunajua neno bakteria, lakini wengi hatujui kama ni yeye aliyeliingiza katika sayansi.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 huko Delitzsch, mji mdogo karibu na Leipzig, katika inchi inayoitwa leo Ujerumani. Kwenye universite ya Leipzig alianza kwanza teolojia. Lakini moyo wake ulivutwa na mimea na wanyama, basi akageukia masomo ya uganga, akayamaliza Berlin mwaka wa 1818. Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya uyoga. Wakati ule watu wengi walifikiri kama uyoga unatokea wenyewe tu katika uozo. Yeye alionyesha kama unaota kutoka mbegu zake, ndogo sana, zisizoonekana kwa macho.

Mwaka wa 1820 akasafiri pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich. Walipita Misri, jangwa la Libya, mto Nili mpaka Dongola, Sinai, Lebanoni na pwani za Bahari Nyekundu. Wakakusanya maelfu na maelfu ya mimea na wanyama. Lakini safari ile ilikuwa na machozi, kwani homa iliua wenzao wengi. Mwaka wa 1825, huko Massawa, Hemprich naye akafa, akiwa na miaka 29. Ehrenberg akarudi bila rafiki yake. Alipoandika kitabu juu ya safari, aliweka majina yote mawili, la marehemu na lake. Hakutaka kula peke yake matunda ya jasho la wawili.

Mwaka wa 1827 akawa profesa Berlin, na mwaka wa 1829 akafuatana na Alexander von Humboldt mpaka Siberia. Kisha akakaa mbele ya mikroskopi yake karibu maisha yote yaliyobaki.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika maji ya bahari na ya maziwa kuna viumbe vidogo vinavyoitwa dinoflajelata. Kila kimoja ni seli moja tu. Kina mikia miwili myembamba: mmoja unazunguka kiuno ndani ya mfereji sawa mshipi, mwingine unafuata nyuma. Ndiyo sababu kinaogelea huku kinajizungusha. Ehrenberg alivichunguza vikiwa hai, na aina moja akaiita Peridinium.

Katika miaka ya 1830 alichukua gumegume, lile jiwe gumu linalotoa cheche likipigwa na chuma. Alitazama vipande vyembamba sana, vile mwanga unavyoweza kupenya. Kumbe ndani ya jiwe mlikuwa viumbe! Vingine vilikuwa na mshipi kiunoni, akavitambua vizuri kama ndugu za Peridinium. Vingine vilikuwa viringo venye miiba pande zote sawa nungu. Hivi akaviweka katika Xanthidium, jamii ya mimea midogo ya maji. Hapo alikosea.

Kosa lile lilidumu zaidi ya miaka 120. Waliokuja nyuma waliviita vile viringo kwa jina la Kigiriki la nungu, wala hawakujua kweli ni vitu gani. Mwaka wa 1961 Mmarekani William Evitt akaonyesha jibu. Aliona kama viringo vingi vina tundu, na tundu lile si mvunjiko: ni mlango. Aina kadhaa za dinoflajelata, wakati fulani wa maisha yao, hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala katika matope chini ya maji. Wakati wa kuamka, seli inatoka kwa mlango, ganda linabaki tupu. Kila aina ina mlango mahali pake: nyingine juu kichwani, nyingine karibu na mshipi. Tena miiba haikusimama ovyo, inafuata mpango wa vibamba vinavyofunika mwili wa kiumbe. Kwa hiyo leo wataalamu wanapanga maganda haya kwa kutazama mlango, mshipi, pembe na miiba, na kama ukuta ni mmoja ao ni miwili. Na wale wanaotafuta petroli wanayatumia ili kujua umri wa mawe.

Ehrenberg alikosea pengine tena. Alisema kama viumbe vya seli moja vina matumbo mengi ndani. Mfaransa Félix Dujardin alimpinga, na Dujardin alikuwa na haki. Lakini mzee hakukubali. Ni huzuni kuona mtu mwenye macho makali namna hii akishindwa kuacha wazo lake mwenyewe.

Alikufa Berlin tarehe 27 Juni 1876. Aliacha mikusanyo mikubwa na picha karibu 3000 alizochora, na mpaka leo zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Berlin.

Ndugu zangu, tukiwa kwenye somo la biolojia, mara nyingi tunaogopa kuchora kile tulichokiona. Tunafungua kitabu kwa siri na kuchora kile mwalimu anachongojea. Ehrenberg alikosea maelezo, lakini miiba aliyoiona aliichora, wala hakuificha. Maelezo mabaya yanaweza kusahihishwa na wengine, hata nyuma ya miaka mia. Lakini kitu ambacho mtu alikiona akakataa kukiandika, nani atakisahihisha?

Tuchore basi tulichokiona. Na tukionyeshwa kosa letu, tukubali mapema kuliko yule mzee.