Masaoka Shiki (1867–1902)

Ukiulizwa kuhusu mashairi mafupi ya Kijapani, usikimbilie kuhesabu mizani tu. Mjue kwanza Masaoka Shiki, kwani jina haiku, kama tunavyolitumia leo, lilienea kutokana na kazi yake.

Alizaliwa Matsuyama mwaka 1867 katika familia ya samurai wa cheo cha chini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Mwaka 1883 alikwenda Tokyo kusoma, akafika chuo kikuu, lakini aliacha masomo bila shahada akaajiriwa na gazeti la Nippon. Usimdharau kwa hilo. Gazeti ndilo lililompa wasomaji. Shiki si jina la kuzaliwa. Mwaka 1889 alitema damu kwa kifua kikuu, akajiita jina la ndege ambaye Wajapani husema huimba hadi akatema damu.

Wakati huo utungo wa mizani 17, yaani 5, 7 na 5, ulihesabiwa kuwa ubeti wa kufungulia shairi refu lililotungwa kwa kupokezana. Shiki aliutenga, ukasimama peke yake. Mwaka 1893 alithubutu kuandika kwamba tungo nyingi za Basho, aliyeheshimiwa kupita wote, zilikuwa dhaifu. Alitaka mshairi aandike anachokiona kwa macho yake, kama mchoraji. Mwaka 1898 aliigeukia tanka, yenye mizani 31, akaikosoa vilevile.

Hapa watahiniwa wengi hukosea: hudhani mwanamageuzi lazima avunje arudhi. Shiki alibakisha mizani 17 na neno linalotaja majira ya mwaka. Alichobadilisha ni namna ya kutazama.

Mwaka 1895 alikwenda China kuandika habari za vita, akarudi hoi. Ugonjwa ukaingia uti wa mgongo. Miaka ya mwisho hakuweza tena kutembea. Mama yake na dada yake mdogo, Ritsu, walimuuguza. Dunia yake ikawa godoro na kibustani kilichoonekana kutoka hapo, naye akaandika hivyo hivyo vilivyokuwapo: maua, chakula, maumivu. Safu yake ya gazetini iliendelea kutoka hadi siku 2 kabla ya kifo chake, tarehe 19 Septemba 1902. Alikuwa na umri wa miaka 34.